Dawa Imemkubali, Nani Amempima?

Mwalimu wa darasa la tatu alimwambia dada yangu maneno ambayo alikuwa ameyasubiri miaka miwili: "Mama, siku hizi katulia kabisa. Dawa imemkubali." Dada alinipigia simu akiwa bado kituoni, Tabata, sauti ya makondakta nyuma yake, analia kwa furaha. Mpwa wangu, mtoto wa miaka tisa, alikuwa na wiki ya sita tangu aanze kumeza kidonge kila alfajiri kwa ajili ya ADHD, lile tatizo la umakini na utukutu uliopitiliza ambalo mtaani wengi wetu tunaliita mapepe. Kabla ya hapo dada aliitwa shuleni mara nyingi kiasi kwamba mlinzi wa getini alishazoea kumfungulia bila kumuuliza anakwenda wapi.

Jumamosi ile ile mama yetu akaja kutoka Mbagala kuwasalimia. Mtoto alipopita karibu yake alimvuta, akapandisha shati lake, akakuta kaptula imebanwa kiunoni kwa pini mbili. Akampapasa mbavu moja baada ya nyingine kama anayehesabu. "Huyu mtoto mnamlisha nini huku?"

Aliyejibu alikuwa dada wa kazi, binti anayemwamsha mtoto saa kumi na moja alfajiri na kumpokea jioni gari la shule linapomshusha. Kwa sauti ya chini alisema kontena la chakula linarudi limejaa. Tangu lini? Tangu mwezi uliopita. Wali na maharage, chapati, siku nyingine viazi na yai, vyote vinarudi kama vilivyokwenda. Alikuwa akivimwaga kwa kuku wa jirani. "Nilidhani mama anajua," alisema. Nilimuuliza mpwa wangu kwa nini hali. Alifikiri kidogo, akajibu, "Sikatai, mjomba. Chakula kinakuwa kama kitambaa mdomoni."

Tulipompima alikuwa na kilo 23.4. Siku alipoandikiwa dawa alikuwa na 25.5.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza, na kila nilipogeukia nimekutana na jambo moja ambalo sioni likisemwa vya kutosha. Faida ya dawa hizi huonekana shuleni, mchana. Maudhi yake hukaa nyumbani, alfajiri na usiku. Anayeulizwa kama dawa imemkubali mtoto ni yule anayemwona mchana, na anayeona mengine yote haulizwi na mtu. Hilo naliona ndilo tatizo kubwa zaidi la dawa hizi kwa watoto wa Dar es Salaam, kuliko kemikali yenyewe.

Nianze na kemikali, maana hofu nyingi zinatokana na kutoijua. Dawa zinazotumika zaidi ni za kundi la vichangamshi. Kuna methilifenideti, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ritalin au Concerta, na kuna dawa za jamii ya amfetamini. Methilifenideti ilitengenezwa kwanza Uswisi mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba, na jina Ritalin lilitokana na jina la mkewe, Rita. Lakini habari ya vichangamshi kwa watoto ni ya zamani zaidi ya hapo. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley, katika hospitali ya watoto huko Rhode Island, Marekani, aliwapa watoto 30 dawa ya amfetamini. Alikuwa akitafuta namna ya kuwapunguzia maumivu ya kichwa yaliyowapata baada ya kipimo cha ubongo. Kichwa hakikupona vya kutajika, ila walimu wa hospitali wakaona ajabu: karibu nusu ya watoto walibadilika darasani. Watoto wenyewe wakaviita vidonge vya hesabu.

Tazama hapo. Tangu siku ya kwanza, darasa ndilo lililoisifu dawa hii. Ila watoto wa Bradley waliishi mle mle hospitalini. Muuguzi aliyewapa kidonge asubuhi aliona sahani zao mchana na vitanda vyao usiku. Sisi tumeirithi dawa bila kumrithi yule muuguzi.

Kazi ya dawa ni kuzuia dopamini na noradrenalini zisinyonywe haraka kurudi kwenye seli za ubongo zilikotoka. Amfetamini huongeza na kuzisukuma zitoke kwa wingi. Kemikali hizo mbili zinasaidia ubongo kushikilia jambo moja, kusubiri zamu, kuacha kurukia kila kinachopita. Lakini hazifanyi kazi darasani tu. Dopamini hiyo hiyo inahusika na hamu ya chakula, na noradrenalini ndiyo inayoongeza mapigo ya moyo na kuutia mwili katika hali ya kuwa macho. Huwezi kuiambia dawa iguse hesabu na iache sahani. Ndiyo maana kukosa hamu ya kula na kuchelewa kulala ndiyo maudhi yanayoripotiwa zaidi katika tafiti karibu zote, yakifuatwa na maumivu ya tumbo, kuumwa kichwa na hasira za ghafla.

Sasa iweke dawa hiyo ndani ya siku ya mtoto wa Dar. Kidonge cha kawaida cha methilifenideti hufanya kazi kwa takriban saa nne. Cha kutolewa polepole, kama Concerta, huenda saa kumi hadi kumi na mbili. Mtoto wa Kimara au Tabata anayesoma shule ya upande wa pili wa mji huamka saa kumi na moja alfajiri kwa sababu ya foleni, wakati mwingine kabla. Hapo tumbo halijaamka. Anapewa kidonge na nusu kikombe cha chai, gari la shule limeshapiga honi. Akimeza kile cha kawaida, nguvu yake inaisha saa tatu asubuhi, kipindi cha pili au cha tatu, na mwalimu anasema dawa haifanyi kazi. Akimeza cha polepole, kinamfunika kuanzia kumi na moja hadi kumi na moja, alfajiri mpaka jioni, na ndani ya muda huo ndimo uji wa saa nne na chakula cha mchana vilimo. Milo yote ya shule inaangukia kwenye kilele cha dawa. Hamu inarudi jua linapozama, mtoto akiwa kwenye gari la shule, Ubungo, foleni imesimama.

Na pale inapotoka mwilini ndipo kinapokuja kile ambacho kina mama wanakieleza vizuri kuliko vitabu: mtoto anashuka garini akiwa amechacha. Analia kwa kiatu, anampiga mdogo wake, hatulii kuliko hata kabla ya dawa. Inadumu saa moja hivi, wakati mwingine zaidi, kisha inapita. Madaktari wanalijua hilo na wana njia za kulipunguza, kwa kubadili aina ya kidonge au saa ya kumeza. Lakini mwalimu hajawahi kuiona saa hiyo hata mara moja. Kwa dada wa kazi, kwa bibi, kwa mama anayefika nyumbani saa mbili usiku, hiyo ndiyo sura ya dawa.

Kuhusu ukuaji, ushahidi tunao na haufai kupunguzwa wala kukuzwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao MTA, ulioanza na watoto 579 wa miaka saba hadi tisa na kutoa matokeo yake ya kwanza mwaka 1999, uliendelea kuwafuatilia watoto wale. Baada ya miaka mitatu, wale waliotumia dawa mfululizo walikuwa wafupi kwa takriban sentimita 2 na wepesi kwa karibu kilo 3 kuliko wenzao ambao hawakutumia. Walipofuatiliwa hadi utu uzima, tofauti ya kimo ilikuwa bado ipo kwa waliotumia kwa muda mrefu. Mwezi Juni 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza maelezo ya vichangamshi vya kutolewa polepole yaongezwe onyo kuhusu kupungua uzito kwa watoto walio chini ya miaka sita.

Sentimita 2 kwa mtoto wa Chicago aliyeanza akiwa na kimo cha kawaida ni jambo la kuzungumzwa na daktari wake. Kwetu hesabu ni nyingine. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto anayefika darasa la kwanza akiwa tayari yuko chini ya mstari hana sentimita za ziada za kutoa. Hili silisemi ili kumkataza yeyote dawa. Nalisema kwa sababu karibu tafiti zote zinazotajwa zilifanywa kwa watoto ambao kula kwao hakukuwa na mashaka, na nani anajua mtoto wa Buguruni anaanza na akiba gani asipopimwa? Kwa mtoto wetu mizani inahitajika zaidi kuliko kwa yule wa Chicago, na ndiko inakokosekana.

Usingizi nao unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu hapa ndipo niliponasa kosa ambalo hata sisi tulikuwa tunakaribia kulifanya. Mtoto wa miaka sita hadi kumi na miwili anahitaji usingizi wa saa tisa hadi kumi na mbili. Mpwa wangu, hata kabla ya dawa, alikuwa akilala saa tatu usiku na kuamka saa kumi na moja. Ni saa nane. Dawa ilipoanza, saa tano usiku bado alikuwa akijigeuza ndani ya chandarua, anauliza maswali, anaomba maji. Zikabaki saa sita. Mtoto aliyelala saa sita kwa wiki mfululizo anakuwaje darasani? Anasahau, anakasirika, anapapatika, hamalizi alichoanza. Yaani anakuwa na dalili zile zile za ugonjwa anaotibiwa. Mwalimu akiripoti kwamba ameanza tena, na daktari akiwa hana taarifa ya usiku, kinachofuata ni dozi kuongezwa. Usingizi unazidi kupungua. Nimezungumza na mama wawili waliopita njia hiyo hadi dozi ya tatu kabla ya mtu yeyote kuwauliza mtoto analala saa ngapi.

Kuna jambo jingine ambalo nalisema nikijua litawaudhi baadhi ya walimu, watu ambao nawaheshimu kwa kazi wanayoifanya katika madarasa yenye watoto mia moja na zaidi. Kutulia na kuzubaa si kitu kimoja. Dawa iliyokaa sawasawa inampa mtoto nafasi ya kufikiri, lakini anabaki yeye: anacheka, anabishana kuhusu Simba na Yanga, anauliza kwa nini. Dozi ikizidi mtoto anakuwa kama zoba. Hachezi mapumziko, hajibu salamu mpaka aitwe mara mbili, anakodolea macho ukuta. Kwa daktari hiyo ni ishara kwamba dozi imekuwa kubwa na inapaswa kushushwa. Katika darasa la watoto mia moja, mtoto huyo ndiye bora kuliko wote. Hasumbui. Mwalimu hatamripoti kamwe, na si kwa ubaya, ni kwa sababu hana mikono ya kumshika aliyenyamaza wakati waliosimama juu ya madawati hawajakaa. Kwa hiyo maudhi haya mabaya hupita shuleni yakipigiwa makofi.

Nimeulizwa sana kuhusu moyo. Vichangamshi huongeza kidogo mapigo na shinikizo la damu, kwa watoto wengi kwa kiasi wasichokihisi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011, uliohusisha watoto na vijana zaidi ya milioni 1.2, haukukuta ongezeko la mshtuko wa moyo, kiharusi au vifo vya ghafla. Watafiti wa Sweden mwaka 2023 walikuta kwamba kwa watu wanaotumia dawa za ADHD miaka mingi hatari ya shinikizo la damu na magonjwa ya mishipa hupanda kidogo. Kwa vyovyote vile, jambo moja liko wazi: mtoto asikilizwe moyo na apimwe presha kabla ya kuanza, familia iulizwe kama kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana, kisha presha iendelee kupimwa. Mtoto aliyezaliwa na tatizo la moyo lazima apitie kwa daktari wa moyo kwanza.

Yapo pia madhara ya nadra ambayo hapa kwetu yanaweza kupotea njia kabisa. Baadhi ya watoto, wachache, huona au kuhisi vitu visivyokuwepo, na mara nyingi ni wadudu: sisimizi wanaotembea mkononi, nyoka kitandani. Utafiti wa mwaka 2019 kwa vijana wa miaka 13 hadi 25 ulikuta kwamba takriban mmoja kati ya kila 660 walioanza vichangamshi alipata dalili za kuchanganyikiwa akili. Mtoto wa Manzese akisema usiku kwamba sisimizi wanamtembelea, atapelekwa wapi? Kwa shehe, kwa mchungaji, kwa mganga. Nami siwalaumu wazazi, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba kidonge cha asubuhi kinaweza kuleta sisimizi wa usiku. Watamwombea mtoto huku wakiendelea kumpa dawa. Hilo likitokea, dawa isimamishwe na mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kadhalika mvulana ambaye uume wake unasimama kwa saa nyingi na kuuma, onyo ambalo FDA ililitoa kuhusu methilifenideti mwaka 2013. Mvulana gani wa miaka kumi na miwili atamwambia mama yake jambo hilo bila kuambiwa mapema kwamba linaweza kutokea na si aibu yake?

Halafu kuna lile swali ambalo mashangazi huliuliza wakiwa wamevuta kiti karibu: hivi hizi si ndizo dawa za kulevya? Jibu la kweli lina pande mbili. Methilifenideti na amfetamini zimo katika Jedwali la Pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na hapa nchini ni dawa zinazodhibitiwa. Huingii famasi yoyote ukazinunua kama panado. Hata mirungi, ambayo ni marufuku Tanzania, ina kathinoni, kemikali ya ukoo mmoja na amfetamini. Lakini mtoto mwenye ADHD anayemeza dozi aliyoandikiwa, kwa mdomo, chini ya uangalizi, tafiti hazikuonyesha kwamba anakuja kuwa teja zaidi ya mwenye ADHD ambaye hakutibiwa. Hatari ipo kwa kidonge kinachotoka mikononi mwa mtoto: kinachouzwa kwa mwanachuo anayekesha wakati wa mitihani, kinachosagwa, kinachomezwa na kaka mkubwa. Kiwekwe mahali pa kufungwa na kihesabiwe.

Udhibiti huo, ambao nauunga mkono, una upande wake mchungu. Dawa ikiwa adimu na ghali, watu hutafuta njia. Nimeona kopo lililokuja kwenye begi la shangazi kutoka ng'ambo, maelezo kwa lugha ambayo hakuna nyumbani anayeisoma, dozi ya mtoto mwingine. Nimemwona baba mmoja akikata kidonge cha kutolewa polepole kwa kisu ili kimtoshe mtoto siku mbili. Kidonge cha namna hiyo kimeundwa kiachie dawa kidogo kidogo kwa siku nzima. Ukikikata au mtoto akikitafuna, umeuharibu mpangilio huo na dawa ya saa kumi na mbili inaweza kuingia mwilini kwa mkupuo. Baba yule alikuwa akibana matumizi kwa upendo. Hakuna aliyemwambia. Mama mwingine aliacha kumpa mwanawe dawa kwa sababu aliona kidonge kizima kikitoka chooni akadhani hakikufanya kazi, kumbe ganda la Concerta hutoka hivyo hivyo, tupu, dawa ikiwa imeshaingia mwilini. Dakika tano za maelezo dirishani zingewasaidia wote wawili.

Wapo watakaosema, basi tuachane nazo. Siko upande huo. ADHD ni hali halisi, na makadirio ya dunia yanaiweka karibu asilimia 5 ya watoto. Mtoto asiyetibiwa kwetu hulipa kwa ngozi yake. Kanuni za mwaka 1979 bado zinaruhusu viboko shuleni, hadi vinne, na mpwa wangu alishavila kwa kosa la kusahau daftari ambalo kesho yake angelisahau tena. Fimbo nayo ina madhara yake. Mtoto wa namna hii huvuka Barabara ya Mandela bila kutazama, hufukuzwa shule tatu, hukua akijua yeye ni mbaya. Dawa ilipoanza kufanya kazi, mpwa wangu aliandika ukurasa mzima wa insha, mwanzo hadi mwisho, akautembeza nyumba nzima akituonyesha. Ukurasa ule ninao.

Ni kweli pia kwamba kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ilikataa kuiingiza methilifenideti katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, na tena 2021, ikisema ushahidi kuhusu faida na madhara yake, hasa kwa matumizi ya muda mrefu, haukuwa wa ubora wa kuridhisha. Wengine wamelichukua hilo kama hukumu. Mimi nalisoma kama onyo la kufanya polepole: kuhakikisha kwanza kwamba mtoto hana masikio yanayotoka usaha, hana kifafa kile cha kuzubaa ambacho hudhaniwa kuwa utovu wa umakini, hana upungufu wa damu, hakuna kinachomtisha nyumbani, halali saa sita kwa sababu ya gari la shule. Kwa walio chini ya miaka mitano, mwongozo wa Uingereza, NICE, unaanza na mafunzo kwa wazazi, na dawa haitolewi bila maoni ya mtaalamu wa pili.

Mwongozo huo huo wa mwaka 2018 una ratiba ambayo naitaka ibandikwe ukutani katika kila chumba ambamo dawa hii inaandikwa. Mtoto wa miaka kumi na chini apimwe uzito kila miezi mitatu. Kimo kila miezi sita. Presha na mapigo ya moyo kabla na baada ya kila badiliko la dozi, kisha kila miezi sita. Na uzito ukishuka ishauriwe dawa imezwe pamoja na chakula au baada ya kula, uongezwe mlo wa alfajiri na wa usiku, na mtoto akirudi nyuma sana ufikiriwe mpango wa kupumzisha dawa likizo. Hakuna mashine ya mamilioni hapo. Mizani ipo Kariakoo, pembeni ya barabara, kijana ameketi nayo anapima watu kwa pesa kidogo. Futi ya fundi cherehani ipo kila mtaa. Kinachokosekana ni mtu wa kusoma namba hizo na mahali pa kuziandika.

Mtoto wetu alipewa kidonge na kituo ambacho sitakitaja, akaambiwa arudi baada ya miezi sita. Miezi sita! Kadi yake haikuwa hata na nafasi ya uzito. Kadi ya kliniki ya mtoto mchanga ina mchoro wa ukuaji tunaoujaza mwezi hadi mwezi mpaka miaka mitano, na wauguzi wetu wanaifanya kazi hiyo vizuri kuliko nchi nyingi zinavyodhani. Mtoto akitimiza mitano mchoro unafungwa. Dawa inayogusa ukuaji inaanza kutolewa akiwa na sita. Tunao ujuzi, wauguzi na mizani. Ni kuurefusha mchoro ule kwa watoto hawa wachache. Na mzazi anayeona jambo lisilo la kawaida ana haki ya kuliripoti kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo inapokea taarifa za maudhi ya dawa kutoka kwa watumiaji wenyewe, pamoja na wahudumu wa afya.

Dada alirudi kwa daktari bila kusubiri miezi hiyo. Safari hii alikwenda na daftari la kurasa arobaini na nane ambalo dada wa kazi alikuwa amelijaza kwa wiki mbili, kwa kalamu nyekundu, tahajia zake mwenyewe: kaamka saa ngapi, kala nini, kontena limerudi na nini, kalia saa ngapi, kalala saa ngapi. Daktari, ambaye si yule wa kwanza, alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Akauliza ni nani aliyeandika. Kisha akashusha dozi, akasema mtoto ale kwanza alfajiri, viazi na yai au uji mzito wa karanga, ndipo ameze, na chakula kikubwa kiwe saa mbili usiku dawa ikiwa imeisha, na asilazimishwe mchana. Akataka kumwona baada ya wiki nne akiwa na daftari lile.

Shule ilikuwa na fomu yake pia, ya kujazwa na mwalimu kila mwezi, maswali kumi na manane kuhusu kukaa, kusikiliza na kumaliza kazi. Nilipoiangalia hakukuwa na hata moja kuhusu sahani. Dada aliongeza mistari mitatu kwa mkono wake chini ya karatasi, na mwalimu, Mungu ambariki, anaijaza. Ya Ijumaa iliyopita imeandikwa: mchana kala nusu chapati, mapumziko kacheza mpira, kanijibu vibaya mara moja.